Miche ya Wifi

Watu husema wifi na wifi ni paka na panya. Waache waseme. Mimi wifi yangu nampenda. Aliyenichefua ni kaka yake, mume wangu wa ndoa, mtu mzima na akili zake.

Wifi ni dobi wa hospitali. Kutwa anafua mashuka ya wagonjwa, vidole vimechubuka kwa dawa. Alihamia kwetu baada ya kumkimbia mume aliyemgeuza ngoma. Alitoka kule na gauni la mwilini na mbegu za nyanya alizofunga kwenye kitambaa cha kichwa. Ni nyanya zake mwenyewe: kila msimu alichagua tunda lililo bora, akakausha mbegu zake. Dukani huzipati ng'o.

Mvua zilipokaribia akazisia zote kwenye makopo yaliyotobolewa chini, akayapanga kwenye dirisha la sebuleni, maana nje usiku baridi ilikuwa bado kali. Mahali pa kuja kuipanda miche alishapewa, nyuma ya chumba cha kufulia, huko hospitali. Ilipoota, kila asubuhi aliyageuza makopo ili isiinamie upande mmoja, kisha akaipapasa kwa kiganja, eti ishupae.

"Wifi, unaibembeleza ilale?" nilimtania.

"Wewe cheka tu. Zikiiva usinijie na bakuli."

Jumamosi moja nikarudi kutoka sokoni, dirisha tupu. Makopo nikayakuta uani, juu ya saruji, kwenye jua la utosi. Miche imelala chali. Damu ikanichemka.

"Nani kaitoa hii?"

"Mimi," alisema mume wangu. "Tuna wageni, siwezi kuwakalisha na matope. Kwani mmea hautaki jua?"

"Ya ndani inatolewa kidogo kidogo, kivulini kwanza! Dada yako kakuambia mara ngapi?"

"Basi, nitamnunulia pakiti nyingine."

Pakiti! Nikaingia ndani nimefura, ndipo nikawaona hao wageni. Ni yule mume wa wifi, kavaa shati la pasi, na mjomba wake. Wamekuja kumrudisha mke, na aliyewaita kimyakimya ni mume wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi siku ile sikupona.

Wifi alirudi kutoka kazini akapitia uani. Tulimsikia akisimama. Kisha akaingia, kopo mkononi, mashina yamelegea ukingoni.

"Mwanangu," mjomba akaanza, "yaliyopita si ndwele. Mumeo amejirudi."

Mumewe alikuwa anakoroga chai. Wifi hakumtazama hata kidogo. Aliweka kopo mezani, katikati ya vikombe, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, miche umeshaitoa nje. Nitoe na mimi. Ila usinisindikize kwa maneno. Nishike mkono, unikabidhi."

Akaunyoosha mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na huyo huyo mwenye shati la pasi, ukaunga vibaya, mpaka leo umepinda. Mume wangu aliutazama. Hakuushika, lakini pia hakusema hapana, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa.

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Chai imekwisha. Mlango mnaujua."

"Mbona yangu bado imo?" alisema mjomba.

"Nimesema imekwisha!"

Wakatoka, yule wa shati la pasi akisonya. Wifi akajiinamia kwenye kiti, akalia kwa sauti, kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho tangu aje. Nikaenda uani. Makopo mawili yaliyokuwa yamebanwa na ukuta yalikuwa na miche yenye uhai bado. Nikayabeba, nikamkuta mume wangu kajaa mlangoni.

"Nani kakupa ruhusa ya kufukuza wageni wangu?"

"Sogea," nikamwambia, "nipitishe miche."