Ng'ombe wa Ubaoni

Esteria Masunga alifundisha darasa la kwanza pale Nkololo kwa sababu walimu wengine walilikimbia. Kamasi, vilio, na watoto ambao nyumbani hawajasikia Kiswahili hata cha kukopa. Yeye aliwagombeza kwa Kisukuma, akawasifu kwa Kiswahili, na mambo yakaenda.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanagombea pamba kama kuku na panzi. Mwezi huo darasa la kwanza walikuwa kwenye kuhesabu mpaka kumi. Vijiti walihesabu, vizibo vya soda walihesabu. Siku moja Esteria akaona awachangamshe. Akachora kundi la ng'ombe ubaoni.

"Haya, wangapi?"

Salu, binti wa Mboje mfugaji, mwepesi kuliko wote, akasimama. "Yuko mwenye baka, yuko mwenye pembe moja, yuko aliyenona."

"Nimeuliza wangapi, sijauliza wakoje!"

Mtoto akaanza kulia.

Kesho yake nusu ya darasa haikuja. Mboje alikuwa amepita kaya kwa kaya: mwalimu anawahesabisha watoto ng'ombe, na ng'ombe akihesabiwa anakufa. Esteria mwenyewe alikulia kwa wafugaji, mwiko huo aliujua tangu anatambaa. Chaki tu ilimpumbaza.

Mwalimu mkuu, Januarius, hakumung'unya maneno. "Hao wakishazoea kuchunga hawarudi. Umewapoteza wewe, warudishe wewe."

Mwingine angeenda kulia chooni. Esteria alivaa viatu vyake vya mtumba akaenda kwa Mboje jioni hiyohiyo. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, na nyuma yao Salu, fimbo mkononi, sare ameshaivua. Hapo moyo ulimchoma.

"Mwadila, baba," akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Umekuja kunimalizia na hawa wa zizini?"

"Hao sina habari nao. Nimekuja kukuuliza. Wale wa ubaoni walizaliwa kwenye zizi lako?"

"Wapi!"

"Uliwanunua mnadani?"

"Nani anunue ng'ombe wa chaki?"

"Basi ni wangu. Nimewachora kwa mkono wangu. Wakihesabiwa wakafa, msiba wa nani?"

Mboje akalifunga lango la zizi. Aliyeangua kicheko ni mkewe mkubwa, Milembe, ndoo ya maziwa nusura imponyoke.

"Umeshikwa, mzee! Mtu anaua mifugo yake mwenyewe, wewe unadai nini? Mkia?"

"Wangu wasiguswe," Mboje akanguruma.

"Wako siwataki," Esteria akasema. "Wamekonda."

Mwanamume haambiwi hivyo mbele ya zizi lake. Mboje akamtazama mwalimu juu mpaka chini, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Kesho nawaleta watoto. Nataka kuwaona hao walionona."

Akawaleta kweli, Salu mbele na sare yake, wa majirani wakifuata. Mboje mwenyewe akasimama dirishani, akakagua ubao kama yuko mnadani.

"Huyu wa mwisho hana nundu. Huyo ni punda, mwalimu!"

Darasa likalipuka. Esteria akampachika nundu, akageuka.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

"Wa mwalimu!"

"Wangapi?"

Salu akamwangalia baba yake. Mboje akatikisa kichwa kukubali.

"Mmoja!" Salu akapiga kelele, wenzake wakadakia, "Wawili! Watatu!" na madirisha yakatetemeka. Walipofika kumi hawakukubali kusimama. Esteria akachora mwingine, wakamhesabu. Akachora mwingine, wakadai tena. Chaki ikavunjika, akachorea kipande, jasho linamtiririka, anacheka peke yake kama mwehu.

Januarius akaja mbio kutoka ofisini. "Mwalimu Esteria, kuna nini huku?"

Esteria hakugeuka.

"Usitukatishe, mkuu. Tuko kumi na saba."