Msitu wa Mpangaji Wangu

Mpangaji wangu wa chumba cha mbele hutengeneza michezo ya simu, na kila mchezo hujaribiwa kwanza na mama yake, kwenye simu yake kuukuu yenye ufa. Mpangaji akifikiri, hupuliza vidole kama aliyeshika sufuria ya moto. Juzi kompyuta mpya ilimwoteshea msitu mzima ndani ya mchezo kabla chai yangu haijapoa, majani yanatikisika kabisa, akacheka peke yake. Mama akajaribu kumtembeza mtu wa mchezo.

"Mwanangu, mtu wako kaganda."

Mwingine angesema tupa hiyo simu, mama. Yeye alipuliza vidole, akarudi kukata miti iliyoilemea simu. Anakata, anampa mama, anakata tena, mpaka yule mtu akatembea.

"Msitu wote umeupeleka wapi?"

"Nimekubakishia mti mmoja wenye kivuli, mama. Mpumzishe hapo."