Yamefika Hatua ya Ngapi?

Mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa na pampu zake kuzimwa, wengi walifungasha wakaenda kutafuta riziki kwingine. Bi Vipimo alibaki. Jina hilo alipewa na majirani na wala hakulinunia, kwani kazi yake ndiyo hiyo: kila mwisho wa mwezi anazunguka visima kumi na kimoja, anateremsha utepe mrefu wenye kichwa cha chuma, na kichwa kikigusa maji utepe unalia. Anasoma, anaandika, anajaza chupa mbili za maabara, anasonga mbele. Enzi za mgodi, pampu zilinyonya maji ya chini usiku na mchana na kuyamwaga mtoni ili wachimbaji wasizame huko shimoni, na visima vya watu vikakauka. Sasa maji yanarudi yenyewe, polepole, na ofisi ya maji inataka kujua yamefika wapi.

Ofisi ilitaka kujua tu. Aliyesubiri jibu kwa roho juu alikuwa mama yake.

Kisima cha saba kilikuwa cha mama. Marehemu baba alikichimba kwa mikono yake mwaka walipooana, na ukutani akachonga vishimo vya kukanyagia, ishirini na viwili toka chini hadi juu. Mama ndiye aliyemshikia kamba. Kisima kilipokauka alivumilia miaka miwili ya maji ya kuletwa na gari, kisha akafunga mlango, akaja kukaa kwa binti yake, vyumba viwili ghorofa ya pili, bomba jikoni. "Kwa muda tu," alisema. Muda huo ulikuwa umetimiza miaka tisa, na begi lake bado lilikuwa chini ya kitanda, nusu halijafunguliwa.

Habari za mita mama hakuzitaka. Binti akirudi kazini, hata viatu hajavua, anaulizwa: "Yamefika hatua ya ngapi?" Naye anageuza mita kuwa vishimo vya baba. Ya tatu, mama. Ya tano. Ya tisa. Yakifika ya kumi na sita, pale yalipokuwa zamani, mama atarudi kwake. Hivyo ndivyo walivyokubaliana.

Halafu yakakwama kwenye ya tisa. Miezi minne mizima, ya tisa.

"Maji gani hayo yanayopumzika?" mama aliuliza. "Yamechoka kupanda ngazi?"

Binti alicheka kicheko cha mdomoni. Mwanamke huyu hakuwahi kuandika namba ya uongo kwenye daftari la kazi, hata siku za mvua ambapo wenzake hukaa garini wakakisia. Lakini nyumbani alidanganya bila haya. Maji yalikuwa yameshafika ya kumi na sita. Ila yalikuwa yamepita kwenye njia za mgodi na kubeba chuma, na maabara ilisema hayafai kunywewa, pengine hayatafaa kwa miaka thelathini. Mama alikuwa na miaka sabini na minane. Habari kama hiyo mtu anaanzia wapi kuisema?

Mwezi wa tano mama aliamka mapema, akavaa viatu vya safari, akatwaa mkoba wake. "Leo tunakwenda wote."

"Mama, jua litakuwa kali."

"Jua nimelijua kabla yako. Twende."

Kisimani binti alifunua mfuniko, akateremsha utepe taratibu, kana kwamba akichelewa maji yatashuka. Utepe ukalia. Masikio ya mama siku hizi huchagua la kusikia, na hilo yalilisikia. Akainama, akachungulia, akahesabu kwa kidole vishimo vilivyokuwa juu ya maji.

"Sita," alisema. "Kwa hiyo yamefika ya kumi na sita. Tangu lini unanificha?"

"Miezi minne."

Mama hakugomba, na hilo lilimuuma binti kuliko kugombezwa. "Nilikuwa nalala nikiyahesabu, mwanangu," alisema. "Kumbe wewe ulikuwa unajua."

Ndipo binti akamweleza yote, chuma, maabara, hata ile miaka thelathini. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Yatoe niyaone," akasema.

Kopo likashuka kwa kamba, likapanda. Maji yalikuwa maangavu, huwezi kuyatoa kasoro.

"Haya ndiyo mabaya?"

"Yakikutana na hewa yanageuka. Subiri tu, mama, utaona."

Kusikia hivyo mama akatabasamu. "Baba yako alisema hivyohivyo. Siku ya kwanza yalitoka tope tupu, nikalia. Akaniambia subiri tu. Siku ya nne yakawa kama haya." Alimtamani yule mtu, pale pale, mchana kweupe, kama msichana.

Binti akageuka aandike tarehe, saa na mita. Alipoinua macho, mama alikuwa ametoa mkobani kikombe chake cha bati, kile cha nyumbani kwake. Alikuwa ameshachota, ameshameza funda moja.

"Mama!"

"Funda moja haliui." Alikuwa amefumba macho. "Ni yenyewe. Baridi ileile ya kwenye meno."

Wakaketi ukingoni. Robo saa ilipopita, maji yaliyobaki kikombeni yaliingia ukungu, kisha umanjano, na kabla saa haijaisha yalikuwa rangi ya msumari wa zamani. Binti hakuweza kuyatazama. Mama hakuyaondolea macho.

Kisha akayamwaga majanini, akafuta kikombe kwa pindo la nguo, akakirudisha mkobani.

"Nimeyawahi," alisema. "Haya, funika. Wewe una visima vinne bado, na mimi jioni nina begi la kufungua."