Wakati Mashini ya Papa Ilikaa Harare

Enzi yetu, mutoto wa Butembo hakuwa anaomba telefone. Alikuwa anaomba kukaa karibu na mashini ya mutu, hata bila kugusa. Bale ba rika yangu munakumbuka: tunatoka masomo miguu imejaa vumbi nyekundu, tunacheza nzango, muchezo wa kuruka na kuimba, mbele ya kanisa mpaka sauti zinakauka, tunanunua mandazi ya moto yenye mafuta yake inapenya mu karatasi. Kisha mie nakimbia secrétariat ya papa. Ilikuwa kachumba kamoja kando ya barabara: meza, mashini kubwa, kompyuta yenye mugongo kama debe, imprimante ya kuchapa yenye kulia-lia, na harufu ya encre ya kuchapia imechanganyika na essence ya groupe ya kutoa umeme. Pale papa alikuwa anaandikia batu barua za kuomba kazi, programu za ndoa, na maneno ya kusoma ku maziko. Mbele ya kugusa herufi za clavier alikuwa ananawa mikono na sabuni, sawa vile daktari.

Mu mashini ile kulikuwa mahali papa alipapenda kuliko pengine pote. Jina lake nzima ni panneau de configuration, mais yeye alikuwa anasema "Panneau" tu. Njo mule ndani ulikuwa unapanga kila kitu: souris, ile panya ya mukono, iende polepole, clavier ifuate mukono wako, imprimante ijulikane, tarehe na saa vikae sawa. Alikuwa ananiita mama, sawa vile bapapa ba kwetu banaita binti zao. Siku ya kwanza kunituma aliniambia, "Mama, fungua Panneau, uangalie." Mie, mutoto wa miaka nane, nikatoka mbio, nikapanda ngazi ya jirani mpaka ku mabati, nikaanza kupangusa panneau ya jua. Panneau gani ingine tulijua siye? Papa alitoka inje, akaniona kule juu na kitambaa mukononi, akacheka mpaka akakaa ku jiwe. Bateja balinicheka mwaka muzima.

Lakini nilijifunza. Asubuhi, mbele bateja bafike, kazi yangu ilikuwa kurekebisha saa. Pile, betri ya ndani ya mashini, ilikufa zamani, donc kila tukiiwasha inarudi ku tarehe ya kale, sawa mulevi anaamuka bila kujua ni siku gani. Nafungua Panneau, nabonyeza picha ya saa, naweka tarehe, kisha inakuja liste ndefu ya miji. Butembo hapana. Beni hapana. Goma hapana. Papa alinifundisha kuchagua Harare, juu saa yao na yetu ni moja. Alinikataza kabisa kuchagua saa ya Kinshasa, juu kule balibaki nyuma yetu saa nzima. Basi mashini yetu ilikuwa inakaa Harare, na ku masomo nilijisifia ile jambo mpaka batoto bengine banafikiri tuko na nyumba mbili. Papa alikuwa anasema, "Mashini ni mugeni. Haijui kwetu mpaka uiambie." Kisha anakaza saa yake ya mukono, ile ya kukaza kila siku, anaifuatisha na ya mashini, na kazi inaanza.

Batoto ba leo, ee Mungu wangu! Mie niko mwalimu wa informatique, masomo ya kompyuta, pale Beni, nabaona kila siku. Ukimuuliza mutoto imprimante inapangwa wapi, anatelezesha kidole ku écran, anangoja muujiza. Mashini ikikataa, anaizima, anaiwasha. Ikikataa tena, anafunga macho anaomba. Nabacheka sana, mais nisijifanye mwenye akili. Haraka yao ile, mie mwenyewe niliingia ndani yake.

Papa mukubwa, yaya wa papa, ni kusema kaka yake mukubwa, njo alimubeba ku mugongo kumupeleka masomo wakati mito ilijaa. Alikufa kule kijijini Kipese, na familia ikasema papa njo atasoma maneno ya kumuaga. Siku ya tano, maziko ikiwa kesho yake, nilitoka Beni, nikapita Butembo na mashini mupya, nyembamba, yenye nilikuwa nimemununulia. Nilitaka aandike bila kuteseka na ile ya zamani. Aliifungua, akatafuta, akatafuta tena.

"Panneau iko wapi?"

Nikamuonyesha Paramètres, njo mahali pa kupangia sasa: nyeupe, tupu, maneno marefu, picha ya saa haiko. Akaniuliza nani alilalamika ile ya mbele ilikuwa mubaya. Nikacheka, nikamuambia, "Papa, hii inajua saa yenyewe." Juu nilipoiwasha mara ya kwanza iliniuliza tuko inchi gani, nikajibu Congo, nayo ikaandika saa ya Kinshasa. Nililiona lile jina, kabisa. Hata nikafurahi kama mwishowe banatujua, nikabonyeza Suivant, tuendelee mbele. Mwalimu wa informatique! Jioni nikatangulia Kipese na bamama ba kupika.

Papa alibaki kumaliza maandiko yake. Mu huzuni ile alisahau kukaza saa yake, ikasimama. Asubuhi aliwasha mashini, akatoa karatasi zake, akafuatisha saa ya mukono na ya mashini, sawa vile alifanya maisha yake yote. Ukungu ulikuwa umefunika Butembo, hakukuwa hata jua ya kumukatalia. Akatafuta moto, pikipiki ya kukodi, akamuomba muendeshaji aende polepole, juu wakati ulikuwa mwingi.

Maziko yalikuwa saa ine ya asubuhi. Réseau ya telefone kule hapana. Pasta alingoja nusu saa, akaangalia mvua inashuka ku mulima, akaniuliza, "Weye njo mutoto wake, tufanye namna gani?" Nikasema, "Muanze tu."

Papa alifika udongo wa kaburi umekwisha kulinganishwa. Koti nyeusi, enveloppe chini ya kwapa isikunjike, anasalimia moja moja batu benye balikuwa banarudi, na utulivu wa mutu mwenye kuwahi. Kisha akaona. Akaangalia saa yake, akaipeleka ku sikio, ilikuwa inatembea vizuri, inasema saa ine haijafika. Alifungua enveloppe akasoma yote, kurasa tatu, mbele yangu na banaume babili benye balikuwa banaosha majembe. Mahali aliandika "mbele ya sanduku lako, yaya" alisema "mbele ya udongo wako," akaendelea.

Mu kurudi aliniambia, "Kosa ni yangu, mama. Nimezeeka. Zamani nilikuwa narekebisha saa kila asubuhi." Pale njo ningesema. Ningesema, papa, ni mie, niliona jina nikabonyeza. Nikachukua enveloppe yake, nikaibeba mie. Hata nilipomurudishia mashini yake ya zamani ku meza hakuikalia tena. Anasema mutu mwenye alikosa maziko ya yaya yake haandikii bengine maneno ya kusoma ku maziko. Secrétariat ile sasa banauzia ndani makredi ya telefone.

Enzi yetu kitu kilikuwa kinakosa mbele yako, unakifungua, unakirekebisha, mutoto wa miaka nane anaweza. Leo kila kitu kinajipanga chenyewe, na kikikosa hakuna mutu anajua kama kimekosa. Vijana banasema njo maendeleo, sawa. Mais papa yangu hana tena saa yenye anaamini. Kila asubuhi ananipigia Beni: "Mama, ni saa ngapi?" Kila asubuhi naamuka nimekata shauri leo nitamuambia. Telefone inalia, nasikia sauti yake, namuambia saa.