Msumeno Uliolala Depo Miaka Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika kamba ya mashine kabla ya mtu kuniuliza jina. Nilikuwa nimetoka Kongolo na cheti cha shule ya mapadri, nikapata nafasi kwenye ateliye, yaani karakana, ya kampuni moja ya mbao, kando ya barabara ya Kipushi, mjini Élisabethville. Juu ya meza palikuwa na msumeno wa mnyororo, ambao sisi tuliuita tronsonezi. Wa wakati ule ulihitaji watu wawili: mmoja alishika upande wa injini, mwenzake alishika mpini uliofungwa kwenye ncha ya bamba la chuma, na mnyororo ulizunguka kati yao. Ulikuwa umetolewa depo, stoo ya kampuni, asubuhi hiyo. Nikadhani kazi yangu ni kuuwasha.

Mkuu wa ateliye, Mbelgiji mzee ambaye miwani yake ilifungwa kwa waya, alinizuia. "Umeangalia kama iko muzima?" aliniuliza kwa Kiswahili cha kazi. "Mashini yenye ililala, hapana kuiamusha na kamba."

Basi akanifundisha. Kwanza unatoa buji, ile inayotia cheche, unamimina mafuta kidogo ndani ya silinda na kuyaacha mpaka kesho yake. Halafu unaizungusha injini kwa mkono, polepole; pistoni ikishika, usiilazimishe. Esansi ya zamani, yaani petroli, unaimwaga yote, maana ikikaa inaganda ndani ya karburateri kama ulimbo. Unafungua kifuniko cha upepo, kwa sababu panya hupenda kuzaa mle. Mnyororo unaukunja pingili moja moja kwa vidole. Pingili iliyokauka ndiyo itakayokatika.

Mwisho kabisa unaangalia ambreyaji. Hicho ndicho kifaa kinachoiacha injini ingurume huku mnyororo umesimama. Kikishikwa na kutu, injini ikiwaka tu mnyororo nao unakwenda, na huna namna ya kuusimamisha ila kuzima. "Hii tunaiangalia ya mwisho," mkuu aliniambia, "lakini kwa mikono ya bantu njo ya kwanza." Maana yake, ndiyo inayolinda mikono ya watu kuliko yote.

Nilikaa naye miaka mingi. Vita vya Ulaya vilipokuja vipuri vikakosekana, misumeno mingi ikapakwa grisi na kurudishwa depo. Vita vilipokwisha nilipandishwa kuwa makanika, nikapelekwa kampo ya wakata miti upande wa Mokambo, ambako tulikata miti ya kushikilia mapango ya mgodi.

Shefu wa kampo alikuwa kijana, mgeni kutoka Ulaya. Hakuwa mtu mbaya. Alimwogopa Mkurugenzi wa kampuni, aliyekaa mjini, na sisi tulikuwa tukimwogopa yeye. Mkataji wetu mkubwa aliitwa Mwamba, mtu wa kaskazini kama mimi. Alinizidi umri, nikamwita yaya, yaani kaka. Mimi nilikuwa sijaoa, na mke wake, Mama Ngoie, ndiye aliyenipikia bukari, ugali wa kwetu, kila jioni.

Siku moja msumeno tuliokuwa tukiutumia ulivunjika, na mgodi ulikuwa unangoja miti. Shefu akatoa mwingine uliokuwa umelala depo miaka saba. Nilianza siku hiyohiyo: nikatia mafuta ndani ya silinda, nikalaza mnyororo kwenye mafuta. Kesho yake kufika saa sita mchana nilikuwa nimemaliza yote isipokuwa ambreyaji. Shefu alikuwa amekuja mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Washa."

Niliuwasha bila mnyororo, ukashika kwa mvuto wa pili. Sauti ilikuwa nzuri.

"Si unaona iko muzuri?"

"Bwana, nabakisha ambreyaji."

"Ile utaangalia kesho."

Ningeweza kukataa. Sikukataa.

Porini nilifunga mnyororo, nikauwasha tena. Mnyororo ulianza kuzunguka papo hapo, kabla sijaongeza moto wa injini. Niliuona kwa macho yangu. Nikajiambia kutu itaachia ikipata joto. Mimi nilishika upande wa injini; Mwamba alikuwa kwenye ncha, ameshaukabili mti, wala sikumwambia neno.

Mti wa kwanza ulianguka vizuri. Wa pili ulipokatika nilipunguza moto, na Mwamba, kwa mazoea ya miaka yote, akaachia mkono mmoja asukume tawi. Kwake injini ikipunguzwa, mnyororo umesimama. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikatika. Alikaa chini, akajishika kifundo cha mkono, akaniita kwa jina: "Kalala, zima mashini." Nilikuwa bado nimeishika ikinguruma.

Tulimpeleka hospitali ya mjini. Siku ya tatu shefu aliniita, akaniwekea karatasi mbele. Ilisema mfanyakazi alijikata kwa kukosa uangalifu. Alitaka niweke sahihi kama shahidi. Nilijua maana yake: Mwamba angefukuzwa, na jamaa yake ingetoka kwenye nyumba ya kampo. Nikamwomba ruhusa nikamwone mgonjwa kwanza.

Mwamba alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa.

"Banaandika nini?" aliniuliza.

"Banaandika ni kosa yako, yaya."

"Na weye?"

"Miye niliona mnyororo inazunguka mbele ya kuanza."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Basi wende uambie bale beko na kalamu. Miye umeshaniambia."

Karatasi sikuitia sahihi; nilikwenda kwa Mkurugenzi, akanisikiliza nikiwa nimesimama. Nilimwambia ambreyaji ilikuwa imeshikwa na kutu, kwamba sikuiangalia, kwamba niliona na nikanyamaza. Akauliza nani mwingine alijua kazi haijakwisha. Nikasema shefu wa kampo alijua. Shefu alikuwa palepale, akitazama dirishani. Hakubisha.

Nilivuliwa umakanika. Miaka miwili nilinoa minyororo kwenye ateliye ya mjini, chini ya watu niliokuwa nimewafundisha mwenyewe. Shefu alihamishwa. Mwamba alibaki kazini kama mtunza depo, na nyumba hakunyang'anywa. Mama Ngoie hakuitikia salamu yangu kwa muda mrefu, na sikumlaumu.

Baadaye nilirudishiwa cheo, nikafanya kazi upande wa Kinsevere mpaka nikazeeka. Mashefu wawili watatu waliniita kichwa kigumu, kwa sababu sikutoa msumeno ambao haujakwisha kuangaliwa. Wengine waliniacha wakaenda kuulalamikia ukaidi wangu mjini. Majibu ya huko sikuwahi kuyaona.

Sasa nimestaafu, nanyi vijana mnaniuliza siri ya kuamsha mashine iliyolala. Hakuna siri, mpango wa kazi nimeuandika hapo juu, na mtoto wa shule anaweza kuushika. Kilicho kigumu ni kusema "bado" mbele ya mkubwa mwenye haraka, na kumwambia mwenzako ulichokiona kabla hajashika upande wake.

Mwamba hakusema kamwe kwamba amenisamehe, wala sikumwuliza. Lakini mtoto wake wa mwisho alipozaliwa, alikuja ateliye saa za kazi, akasimama mlangoni, akasema, "Siku ya Mungu ujitengeneze. Weye njo utamubeba mutoto ku ubatizo." Alitaka niwe baba wa ubatizo wa mtoto wake. Kanisani, mbele ya padri, yeye mwenyewe alinikabidhi yule mtoto, mkono wake wa kushoto, wa vidole vitatu, ukiwa chini ya kichwa cha mtoto. Nilimpokea kwa mikono yangu yote miwili.