Kila Mfanyakazi na Mzee Wake

Nilipopewa kazi ya ustawi wa wafanyakazi pale kiwandani, Dar, mwanzoni mwa miaka ya sabini, meneja aliniita akaniambia kiwanda nacho kinatakiwa kiwe na mkono wake kwa wananchi. Siku zile mashirika mengi yalikuwa na kijiji chao, shule yao au shamba lao la kujitolea. Sisi tukapewa kambi ya wazee wasio na watu, nje kidogo ya Bagamoyo, upande wa kuelekea Mbegani.

Utaratibu niliubuni mwenyewe, na niliuonea fahari. Sikutaka watu waende wakagawe sabuni na sukari, wapige picha, warudi. Nikasema kila mfanyakazi awe na mzee wake: amjue jina, ajue kinachomuuma, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi aende kwake moja kwa moja. Wazee walikuwa kumi na sita. Wafanyakazi kumi na sita niliwapata bila taabu, na wengine niliwarudisha. Lori la kiwanda lilituchukua asubuhi na mapema, watu wakaimba mpaka Mapinga, ambako tulikwama kwenye matope tukashuka kusukuma. Hata kusukuma siku ile kulikuwa raha.

Kambi iligeuka kama nyumba ya harusi. Wanaume waliezeka jiko, wanawake walifua na kusuka nywele. Msichana wetu wa taipu, mcheshi kweli, alipewa bibi mmoja kipofu, mzaliwa wa Kiwangwa. Alimkata kucha za mikono na miguu huku akimwimbia. Wakati wa kuagana bibi hakutaka kumwachia mkono.

"Mwezi ujao nakuletea kanga, bibi," msichana akamwambia.

Mimi nilikuwa nikizunguka na daftari langu, nikihakikisha kila mtu yuko na mtu.

Mwezi wa pili walikuja kumi na wawili. Wa nne, saba. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine alikuwa na mpira, mwingine mkewe alimuuliza babake mwenyewe anamtembelea lini. Sikuwalaumu, kujitolea si zamu ya mashine. Lakini wazee hawakuwa na habari hiyo. Walikuwa wameoga, wamevaa, wamekaa barazani tangu asubuhi, na lori liliposimama kila mmoja alimtafuta wake. Kazi yangu ikawa kuwapitia wale ambao watu wao hawakushuka.

"Ameniagiza nikusalimie," niliwaambia. Hakuna aliyeniagiza.

Msichana wa taipu aliolewa, akahamia Mwanza. Nikanunua kanga, nikampelekea bibi, nikasema imetoka kwake. Bibi akaipapasa pindo kwa pindo, akainusa.

"Mwambie nimepokea," akasema. "Na wewe, sauti yako naisikia kila mwezi. Mzee wako ni yupi?"

"Wote ni wangu, bibi."

Akacheka, bila ubaya. "Wa wote hana mtu, mjukuu wangu. Haya kaa, unikate kucha."

Nikakaa. Nilipomaliza mikono nikapiga magoti kwa ajili ya miguu. Mpiga picha wa jarida la kiwanda alikuwapo siku ile, akatupiga picha nimepiga magoti, mguu wa bibi uko pajani mwangu. Ikatoka ukurasa wa mbele.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja Magomeni. Sikuwa na mke. Jioni nilipika chai nikainywa nimesimama. Mtu wangu mmoja tu duniani alikuwa mama, Pangani, na zaidi ya miaka miwili nilikuwa sijakwenda kumwona. Barua niliandika. Siku za likizo nilizimaliza nikitafuta watu wa kujaza lori.

Jarida lilimfikia mama, sijui kwa mkono wa nani. Akamwandikisha jirani barua: "Mwanangu, nimeonyeshwa picha yako. Mungu akulipe kwa wema wako. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, lakini nimekutambua kwa kisogo. Mimi pia nimezeeka."

Nilikwenda wiki ileile. Alinipokea vizuri mno, kama mgeni: mkeka mpya, kikombe cha kabatini. Nilitamani anigombeze. Tulipomaliza kula akauliza, "Wale wazee wako, mnawafanyia nini hasa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesimuliwa nchi ya mbali.

"Wana bahati," akasema.

"Nikukate kucha, mama?"

"Mke wa jirani ameshanikata jana." Akarudisha miguu chini ya kanga.

Niliporudi Dar niliomba uhamisho kwenda tawi letu la Tanga, niwe karibu naye. Barua ikahama meza hadi meza kwa miezi. Mama akafariki kabla ya jibu, na nilipofika Pangani walikuwa wameshamzika. Kisha jibu likaja: nimekubaliwa. Nikaandika kwamba sihitaji tena, wala hakuna aliyeuliza sababu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ule tulikuwa wawili kwenye lori, dereva na mimi. Kiwandani sikuwa nimemwambia mtu juu ya msiba wangu. Nilimwambia bibi. Aliomba dua kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akapapasa pembeni yake, akanisogezea bakuli lake la uji lililobaki nusu, nikanywa, naye akakaa kando yangu mpaka dereva akapiga honi.

Mpango ulifutwa mwaka uliofuata. Meneja mpya alipendelea timu ya mpira. Niliendelea kwenda kwa basi, miezi mingine naruka, mpaka bibi naye akatangulia. Wazee wengine walikuwa bado wapo barazani. Sikwenda tena, na kwa hilo sina udhuru.