Mchoraji Aliyefagia Nyumba za Watu

Siku aliyogombezwa kwa ajili ya picha yake, Mama Vilima alirudi nyumbani mbio, viatu mkononi, akicheka peke yake, mpaka mumewe akatoka bafuni na povu kichwani kuuliza kuna nini. "Nimegombezwa!" alisema. "Baba watoto, nimegombezwa barabarani, mbele za watu!" Mume, mtu mpole anayetengeneza saa, akamtazama miguu, akamtazama uso, akaona hakuna msiba, akarudi kuoga.

Ili uielewe furaha hiyo, sharti ujue hali yake juma lile. Jina la Mama Vilima alipewa mtaani kwa sababu kwa miaka ishirini na sita hakuchora kingine ila vilima, hasa mlima ule mmoja mkubwa unaoonekana kutoka dirisha la chumba chake cha nyuma. Ameuchora kwenye mvua, ameuchora kwenye ukungu, ameuchora akiwa na mimba ya kila mtoto wake. Watu wakipita mbele ya picha zake husema "nzuri" kama mtu anavyoitikia salamu, huku macho yakiwa kwenye simu. Hiyo "nzuri" ndiyo iliyomla taratibu. Alianza kujiuliza huku akiosha brashi: mlima uko pale pale, na mwenye macho haambiwi tazama, sasa mimi nauchora wa nini? Mkate unaliwa, saa inampa mtu wakati, picha je? Hakupata jibu, na kwa kuwa hakupata jibu akakubali shauri la wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, ana duka la madaftari na mashine ya fotokopi, na ana ulimi usio na breki. "Wifi yangu, mlima haujakuomba picha," alimwambia. "Njoo Jumatatu saa mbili nikukabidhi mashine. Na huko utatoa picha vilevile, tena zinazofanana kweli!" Mama Vilima alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni, moyoni maneno yale yalimchoma. Alikubali. Akafunga brashi zake kwenye gazeti ili azigawe kwa shule ya jirani, kisha akampelekea fundi fremu mlima wake wa mwisho, naye akauweka dirishani kwake.

Ijumaa mchana fundi fremu akapiga simu. "Mama, njoo upesi. Kuna mzee hapa anagombana na picha yako."

"Anagombana na picha?"

"Na picha. Na sasa amenigeukia mimi."

Alimkuta mzee mfupi, fundi bomba mstaafu, mikono mipana kama sepetu, amesimama mbele ya kioo na watu watano wamemzunguka.

"Shikamoo, mzee wangu. Picha ni ya kwangu."

"Marahaba, lakini hiyo shikamoo hainipozi. Huu ni mlima wetu au si wetu?"

"Ndio wenyewe."

"Jiwe hili nalijua. Njia hii naipanda kila siku. Sasa hapa pembeni," akagonga kioo kwa kidole, "nyumba yangu iko wapi?"

Mama Vilima alipigwa na butwaa. Nyumba hiyo aliijua vizuri sana: paa la bluu kali, limekaa katikati ya majani kama kifuniko cha ndoo. Tangu alipofundishwa kuchora alikuwa na kazi aliyoiita kufagia. Kabla ya kugusa rangi huondoa kwanza kila kinachokera jicho, nguzo za umeme, waya, matangi, mapaa. Paa lile la bluu amelifagia miaka nenda miaka rudi, wala hakuona kosa. Kwani hiyo si ndiyo ilikuwa fahari yake, milima safi?

"Niliiondoa, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Ile bluu ilikuwa inaharibu."

"Aliiondoa!" Mzee akawageukia watu. "Mnamsikia? Miaka kumi na moja naezeka, bati moja moja. Bluu alichagua mke wangu, akasema nikiwa huku chini kazini nikiinua macho nijue yuko wapi. Bluu ikaisha dukani, la mwisho nikatia kijani. Huyu mama kaja na brashi, mara moja tu, tumehamishwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka, machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mama Vilima aliona aibu, tena aibu kubwa. Lakini pamoja na aibu hiyo moyo ulianza kumwenda mbio kwa furaha ambayo hata yeye aliionea haya. Miaka ishirini na sita, na hakuna mtu aliyewahi kuisogelea picha yake akitafuta kitu ndani! Huyu alitafuta nyumba yake, na alipoikosa akaumia kama aliyefukuzwa. Kumbe picha inaweza kumfukuza mtu kwake. Basi na kumrudisha inaweza.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Naomba nije niione kwa karibu."

"Njoo. Ila uje na kijani."

Ndipo akavua viatu na kutimua mbio nyumbani kufungua lile gazeti.

Jumamosi na Jumapili alishinda mlimani, akiirudisha nyumba kwenye picha ile. Bluu ilimtoa jasho. Aliichanganya mara saba, na kila mara mke wa mzee alitoka jikoni, akaitazama, akatikisa kichwa. Ya nane ilikubaliwa. Bati la kijani alilitia kulia, akaambiwa liko kushoto, akalihamisha. Kisha yule bibi akauliza kamba yake ya nguo ameificha wapi. Mama Vilima hakuwa amechoka hivyo wala kufurahi hivyo tangu alipokuwa msichana.

Jumatatu asubuhi alirudi na turubai jipya la kuchorea, akalitega uani kwa mzee, akaupa mlima mgongo na kuanza kuuchora mji uliokuwa chini. Saa mbili na dakika tano simu ikalia.

"Wifi! Nimesimama nje ya duka na funguo mkononi. Uko wapi?"

"Niko mlimani."

"Unafanya nini huko?"

"Nachora. Wifi, unisamehe, siji. Leo siji na kesho siji." Akachovya brashi. "Nachora mji wote jinsi ulivyo. Safari hii sifagii kitu. Hata nguzo naziweka."

Alingoja matusi. Wifi alivuta pumzi. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, kisha akauliza, "Kutoka huko, duka langu linaonekana?"

"Linaonekana. Liko kando ya tangi la maji. Ndilo ninaloliwekea rangi sasa hivi."

"Na mlango?"

"Mlango wa chuma unang'aa. Naona bado umefungwa."

"Hebu ngoja, usipake!" Funguo zililia, chuma kikakwaruza. "Ngoja nifungue kwanza, wifi yangu. Usije ukanichora nimefunga."